Kushuka Lushoto na pikipiki ya kukodi

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mbagala, nina leseni daraja A na pikipiki yangu ninayoendea kazini kila siku. Mwezi wa nne mimi na mke wangu tunataka kwenda Usambara siku tatu. Tutashuka basi Mombo, tukodi pikipiki palepale, tupande wote wawili hadi Lushoto, kesho yake twende Mtae na kurudi siku hiyohiyo. Milimani sijawahi kuendesha. Rafiki yangu aliyekulia huko anasema nikishuka niwe nazima injini, naokoa mafuta. Ni kweli? Nikodi pikipiki ya aina gani, niikague vipi? Na mwenyewe akitaka nimwachie kitambulisho, nimpe?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ushauri wa rafiki yako, maana huo ndio unaoweza kuwaua. Usizime injini ukishuka, wala usiweke nyutro, hata ukiwaona vijana wa huko wanateremka kimya bila mlio. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33. Pikipiki ya cc 125 au 150 haimalizi lita moja kwa safari hiyo, hata injini ikiwaka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo hata ungeokoa tone la mwisho, hujafikisha lita, na umejinyima breki bora kuliko zote ulizonazo, yaani injini yenyewe. Tena kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa inategemea injini. Ukizima injini ndani ya ukungu, umezima na taa.

Nikueleze kinachotokea, ili usinifuate kwa sababu tu nimesema. Mombo iko bondeni, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Chukua pikipiki ya kilo 115 au 120, weka wewe, mkeo na begi, mnakaribia kilo 250. Uzito huo ukishuka mita 1,000, nguvu yake lazima iende mahali, na isipomezwa na injini na upepo inageuka joto kwenye breki. Piga hesabu yake utaona joto hilo lingechemsha lita 7 za maji ya bomba. Sasa joto hilo lote liingie kwenye dramu mbili ndogo za breki ambazo hujui mara ya mwisho zilifunguliwa lini.

Dramu likishika joto linatanuka na kujitenga na breki shuu, ndiyo maana pedeli inaanza kwenda chini kuliko ilivyokuwa asubuhi. Breki shuu zikiendelea kuungua, uso wake unakuwa laini, unang'aa, na haushiki tena hata ukikanyaga kwa uzito wako wote. Kama mbele ni diski, oili ya breki ikichemka inatoa mapovu, na mkono wako unabana mapovu badala ya kubana pedi. Hapa Korogwe tunaletewa pikipiki zilizoshuka namna hiyo. Ukivua tairi la nyuma harufu ya kuungua inakupokea kabla hujaona kitu, na ndani ya dramu unakuta chuma kimegeuka rangi ya bluu. Mwenye pikipiki anakwambia breki "zimegoma ghafla". Hazikugoma ghafla, zilikuwa zinaomba msaada tangu kona za juu.

Kanuni ni moja: shuka na gia ambayo ungepandia mteremko huohuo. Kama kupanda hapo kungetaka gia ya pili, basi shuka na ya pili. Ipange kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado mwendo mdogo, maana ukishakolea mwendo, kupangua gia katikati ya mteremko kunaweza kufunga tairi la nyuma likaserereka. Injini italia juu, utahisi kama unaitesa. Iache ilie, mkono wa mafuta ukiwa umeuachia kabisa. Breki unaikamata kwa vipindi: bana ya mbele na ya nyuma pamoja, mwendo ushuke ulivyotaka, kisha achia kabisa zipoe. Unaloliepuka ni ule mtindo wa kuweka mguu juu ya pedeli kidogokidogo tangu Lushoto hadi Soni, katikati ya njia, kwa sababu hapo breki hazipati hata sekunde ya kupumua.

Ukinusa kuungua, au pedeli ikianza kushuka, tafuta sehemu pana mkapumzike. Usimwagie maji dramu lenye moto, chuma kinaweza kupasuka. Subiri robo saa, nusu saa, mpaka uweze kusogeza kiganja karibu bila kukiondoa. Na ukipaki kwenye mwinuko, pikipiki itazame juu, injini imezimwa, gia ya kwanza ndani. Ikitazama chini inajisogeza yenyewe, stendi inakunja, inalala.

Sasa mpango wako. Naomba uubadilishe mahali pengi.

Kwanza mwezi. Machi hadi Mei ni masika, na Usambara inapata mvua kwelikweli. Lami ya Mombo hadi Lushoto imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Mvua kubwa zikinyesha mawe na udongo vinaporomokea barabarani. Ukivuka Lushoto kuelekea Mtae, sehemu kubwa ni udongo mwekundu, na udongo huo ukilowa hata mtu wa miguu anateleza. Kama likizo haihamishiki, nendeni Aprili lakini mbaki kwenye lami na vilima vya karibu na mji. Mtae iwekeni Januari, Februari au kuanzia Julai hadi Septemba. Julai kuna baridi, na baridi nayo ina mambo yake: vidole vikifa ganzi huwezi kupima unabana breki kiasi gani. Glavu si urembo huko.

Pili, usikodi Mombo. Njia ngumu kuliko zote mtakazopita kwenye lami ni hiyo ya Mombo hadi Soni, na wewe unataka iwe dakika zako za kwanza juu ya chombo usichokijua, mkeo nyuma, begi juu, mmechoka na basi. Pandeni Lushoto kwa basi au Noah. Kaa upande wa dirisha, tazama madereva wanapunguza wapi, wanapiga honi wapi, maji yanavuka barabara wapi. Laleni. Asubuhi kodi palepale Lushoto, kwa mtu ambaye pikipiki yake inapanda na kushuka vilima hivyo kila siku. Kisha, nakusihi, toka kwanza peke yako. Shuka hadi Soni kwenye maporomoko ya maji, ambayo ni karibu nusu ya njia ya Mombo, ugeuze urudi. Hapo umeshapata kushuka, kupanda, kona za kushoto na za kulia, na umeshajua breki za hiyo pikipiki zinashikia wapi. Mchana mchukue mkeo mwende Irente, ni kilomita chache tu kutoka mjini, na mandhari yake ya kuitazama nyika kutoka juu yatamtosha siku hiyo.

Mtae ni kama kilomita 60 kutoka Lushoto, kupitia Magamba, Malindi na Lukozi. Dar kilomita 60 ni safari ya asubuhi tu. Huko, kwa mgeni aliyepakia, jihesabie saa tatu au nne kwenda, na zaidi kama kumenyesha. Kwenda na kurudi siku moja kunamaanisha utakuwa unashuka jioni, umechoka, jua linazama au limeshazama, na saa 1 usiku huko ni giza. Ukungu wa msitu wa Magamba hausubiri usiku, unaweza kukukuta saa 9 mchana. Laleni Mtae. Mji umekaa kwenye ukingo wa mlima, unaona tambarare ya Mkomazi chini yako, ni haki ya mtu aliyefika kuiona asubuhi pia. Kama siku hazitoshi, iacheni Mtae.

Kuhusu aina ya pikipiki, wengi wanakimbilia kubwa, wakidhani mlima unataka nguvu. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo injini ya kabureta inapoteza nguvu kidogo kadiri unavyopanda. Kwenye urefu wa Lushoto ni kama asilimia 15, utaihisi lakini haitakusimamisha. Boxer au TVS ya cc 150 yenye afya itawapandisha wote wawili kwa gia ya pili na ya tatu bila taabu. Pikipiki ndefu za matairi ya vumbi ni nzuri kwenye tope, ila kama miguu yako haifiki chini vizuri, mkisimama kwenye mwinuko mkiwa wawili mtaanguka mkiwa mmesimama. Chagua ile unayokanyaga chini nyayo zote mbili.

Kabla hujatoa hela, uliza mpangilio wa gia. Hili watu hulipuuza. Kuna pikipiki ambazo gia zote unakanyaga mbele, na kuna ambazo ya kwanza ni mbele na zilizobaki unapandisha. Mguu wako umezoea mmoja. Siku ya kona kali, ukitaka kupunguza gia, mguu utafanya ulichozoea bila kukuuliza, na badala ya gia ya pili utajikuta umepandisha ya nne, injini imeachia, pikipiki inakimbia. Kama mpangilio ni tofauti na wa kwako, tafuta nyingine.

Kisha chuchumaa kwenye tairi la nyuma, upande wa breki. Utaona fimbo ndefu inatoka kwenye pedeli hadi kwenye mkono mfupi wa chuma uliotoka kwenye dramu, na mwishoni kuna nati ya kukazia. Mwambie mwenyewe akanyage breki huku unatazama. Breki shuu zikiwa nzima, ule mkono na fimbo vinakaribia kufanya pembe mraba breki inaposhika. Ukikuta nati imekazwa mpaka uzi wa skrubu umekaribia kuisha, na mkono umelala mbele sana, breki shuu zimekwisha, hata kama yeye anaapa kuwa "inashika vizuri". Zinashika vizuri pale uwanjani. Mwambie abadilishe kabla hujaondoka, ni kazi ya muda mfupi na si ya gharama kubwa. Akikataa, ondoka.

Breki ya mbele nayo, bana na usukume pikipiki: isitembee hata kidogo, na mkono wa breki usiguse mshikio. Waya wake usiwe umechanika nyuzi pale unapoingia kwenye mkono. Tairi ziwe na meno, hasa la mbele. Shika mpini, bana breki ya mbele, tikisa mbele na nyuma. Kikisikika kitu kinagonga, beringi za usukani zimelegea, na kona hutaziweza. Cheni ilegee kiasi cha upana wa vidole viwili hivi, si ininginie. Honi, taa na indiketa vifanye kazi vyote, maana huko honi inatumika kuliko unavyotumia Mbagala. Halafu izungushe mtaani dakika kumi na breki za ghafla mbili tatu kabla ya kusaini chochote.

Helmeti iwe mbili, na zote zenye kamba inayofunga. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti inapunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Zile za kukodi mara nyingi kamba imekatika au zinacheza kichwani. Bebeni zenu kutoka Dar. Ni mzigo, najua.

Kwenye kona, hili ndilo nalowasisitizia wanafunzi wangu: kazi ya breki imalizike kabla kona haijaanza. Ndani ya kona mafuta kidogo tu, ya kuishikilia pikipiki, na macho yatazame unakoelekea, mwisho wa kona, si korongo wala tairi la lori. Pikipiki inafuata macho. Ukiona kona inakaza kuliko ulivyotarajia, usikakamae. Sukuma mpini wa upande unaokwenda, kama ni kushoto sukuma mkono wa kushoto mbele kidogo, na pikipiki italala zaidi upande huo. Jizoeze hilo kwenye uwanja mpana Dar kabla ya safari, kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa, mpaka mkono uufanye bila kufikiri.

Kona ya kulia inahitaji uangalifu wa pekee kwetu tunaoendesha kushoto. Mgeni anailalia, anaona tairi zake ziko upande wake wa barabara, anaridhika. Lakini mwili umelala kulia, kichwa na bega vimevuka mstari wa katikati, na Fuso la kabichi linalokuja nalo limekata kona. Kwa hiyo kona ya kulia iingie ukiwa karibu na ukingo wa kushoto, na hakikisha kichwa chako nacho kinabaki upande wako. Kona ya kushoto iingie katikati ya upande wako ili uone mbele, usijibanze ukingoni. Ukingoni kuna mchanga, kuna kina mama waliobeba kuni, kuna watoto wa shule. Piga honi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake, kisha sikiliza. Mara nyingi dereva wa upande wa pili anakujibu. Na mwendo wako uwe ule unaoweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Njia ikiwa ya gari moja tu, ndani ya nusu ya umbali huo, kwa sababu na mwenzako anakuja anaula upande wake. Anayepanda na mzigo mpishe, akisimama kuondoka tena kwake ni taabu.

Kwenye udongo breki ya nyuma ndiyo ifanye kazi kubwa, ya mbele uiguse kwa vidole viwili. Fuata alama za matairi ya magari pale palipokauka, uache mbali ukingo wa upande wa bonde. Ukingo huo ukishalowa unaonekana mzima juu huku chini umeshaliwa na maji. Tope likizidi mkeo ashuke atembee mita hamsini hizo. Mweleze mapema, asije akaona umemdhalilisha.

Na yeye ana kazi yake. Akushike kiunoni, alale unakolala, asijivute upande wa pili kwa woga, maana kilo 60 zinazovuta kinyume zinaipeleka pikipiki nje ya kona. Kubalianeni kuwa akigonga bega lako mara mbili unasimama, bila kuuliza kwa nini.

Mafuta jaza Lushoto. Vijijini utayapata ya kwenye chupa, ni ya dharura tu, na yaangalie kwenye mwanga kabla hayajaingia. Ukiona maji yametulia chini ya chupa, yakatae.

Mambo ya kitambulisho: cha NIDA usimwachie mtu, wala leseni, kwa sababu leseni utaihitaji njiani. Mpe nakala na dhamana ya fedha mliyokubaliana. Wewe nawe piga picha kadi ya pikipiki na uhakikishe namba inalingana na kibao, hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya usajili, na uelewe kuwa bima ndogo inamlipa uliyemgonga, haikutibu wewe ukianguka peke yako wala haitengenezi pikipiki yake. Kwa hiyo andikianeni kabisa nani analipa nini: pancha, cheni kukatika, taa kuvunjika, injini kufa. Piga picha za mikwaruzo iliyopo, pande zote, yeye akiwepo. Chukua namba yake na namba ya fundi anayemwamini. Mkirudi, mrudishieni mchana kweupe, mzunguke pikipiki pamoja, akurudishie dhamana mkononi na aandike chini ya makubaliano yenu kuwa amepokea chombo chake kikiwa salama.